Vijana Wetu, Magemu na Maradhi ya Nafsi

  

Ndugu Waislamu, tahariri ya mwezi huu imetokana na swali la mama mmoja wa hapa Kashai. Mama huyu ni mjane. Mwanawe ana umri wa miaka 16, yupo kidato cha pili, na hadi miaka miwili iliyopita alikuwa miongoni mwa vijana wanaotajwa kwa wema katika madrasa. Alikuwa amehifadhi juzuu tano, na katika mwezi wa Ramadhani hakukosekana safu ya kwanza ya Tarawehe. Kisha baba yake akafariki. Haikupita miezi mingi kijana akaanza kuonekana kwenye kibanda cha gemu, mwanzo baada ya Alasiri, halafu tangu Adhuhuri, mwishowe katika saa za masomo. Ada ya muhula ikapotelea mikononi mwake. Mwenye kibanda alipomfukuza kwa sababu ya deni, akahamia kwenye simu ya dada yake, akawa anakesha nayo kwa kifurushi cha usiku mpaka muadhini anapoadhini Alfajiri, na hapo ndipo anapolala. Akiulizwa hujibu kwa ukali. Chakula anakionja tu na kusukuma sahani.

Majirani wakamshauri mama kwamba mtoto ana jini. Akapelekwa kwa mtu mmoja avaaye kanzu na kofia na kujiita shekhe, ambaye alimwandikia kombe, akamfunga hirizi mkononi, akachukua mbuzi na fedha, na akaagiza kijana afungwe miguu kwa kamba siku tatu ili huyo aliye ndani yake achoke. Alipofunguliwa, kijana alitoweka nyumbani siku mbili. Ndipo mama alipokuja msikitini baada ya swala ya Ijumaa, akamuuliza imamu wetu: "Shekhe, niambie ukweli. Mwanangu ni mgonjwa, ni mtovu wa adabu, au ana shetani?"

Tumeona si haki mama huyu ajibiwe kwa neno moja. Aidha, tunajua kwamba hayuko peke yake. Wapo akina baba na akina mama wengi katika jamaa zetu, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Kamachumu na Muleba mjini, wenye swali hilo hilo vifuani mwao, ila wanaona haya kuliuliza. Kwa hiyo tunalijibu hadharani.

Kwanza tuiweke sawa hukumu ya mchezo wenyewe, maana hapa ndipo wahubiri wengi wanapoanzia na ndipo wanapokomea. Mmoja hupanda mimbari akasema kila gemu ni haramu, kisha akateremka akiwa radhi kwamba ametimiza wajibu wake. Wanazuoni wetu hawakulifanya jambo kuwa jepesi namna hiyo. Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao ndani ya msikiti wake siku ya Idi, naye akamsitiri Bibi Aisha ili awatazame mpaka atosheke. Na pale sahaba Handhala (r.a.) alipokuja akijishuku kuwa ni mnafiki, kwa sababu akiwa kwa Mtume humkumbuka Mola wake na akirudi nyumbani hushughulika na mke, watoto na mali, Mtume alimtuliza kwa kumfahamisha kuwa moyo una saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Kuhusu sataranji, mchezo unaofanana sana na gemu za leo kwa kumzamisha mtu, Imamu Shafii (r.a.) aliuchukia lakini hakuuharamisha moja kwa moja. Wafuasi wa madhehebu yake wakaeleza kwamba ukiingiwa na kamari au ukimpitisha mtu wakati wa swala, hapo ni haramu pasi na shaka.

Kwa kipimo hicho, gemu ya mpira inayochezwa na vijana wawili kwa nusu saa, bila dau, kisha wakaenda kuswali, si jambo la kuvunjia undugu. Gemu yenye uchi, matusi, uchawi na kuua watu kwa starehe ni jambo jingine. Na ile inayokula swala, masomo na usingizi ina hukumu ya kile inachokila. Tunawaomba wazee wetu wasikasirike tukiongeza kwamba kipimo hiki kinawahusu pia wenye bao, drafti na karata za kijiweni, ambao adhana ya Alasiri huwapita wakihesabu kete, na wale akina baba wanaorudi saa sita za usiku kutoka vibanda vya kuonyesha mpira wa Ulaya, halafu wanamchapa mtoto kwa kuchelewa kibanda cha gemu.

Sasa tuje kwenye neno ugonjwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika orodha yake mpya ya magonjwa, yaani toleo la 11, limo tatizo la uraibu wa michezo ya video. Nchi wanachama ziliipitisha orodha hiyo mwezi Mei 2019, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Shirika limetaja alama tatu. Ya kwanza ni kwamba mchezaji ameshindwa kujitawala, hajui aanze lini na aache lini. Ya pili ni kwamba mchezo umetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake. Ya tatu ni kwamba anaendelea na hata kuzidisha, ilhali madhara anayaona kwa macho yake. Na hali hiyo iwe nzito kiasi cha kuharibu familia, masomo au kazi, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Shirika limesema pia kwamba wanaofikia hali hiyo ni sehemu ndogo ya wachezaji wote.

Ni wajibu wetu kueleza kwamba wataalamu hawakuafikiana. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2013, kililiweka tatizo hili miongoni mwa mambo yanayohitaji uchunguzi zaidi, hakikulipitisha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia wachezaji wapatao 39,000 walieleza kwamba wingi wa saa za kucheza, peke yake, haukuonekana kuharibu wala kutengeneza hali ya nafsi ya mchezaji kwa kiasi cha kutajika. Kilichoonekana kuwa na uzito ni sababu iliyomweka mtu pale: je, anacheza kwa kupenda, au anajiona analazimika?

Habari hii wengine wataipokea kama fatwa ya kuwaruhusu watoto wakeshe. Sivyo. Kwetu sisi imefungua jambo ambalo khutba zetu zimekuwa zikilipita kando. Tumezoea kuhesabu saa, na tumezoea kuuliza amecheza kiasi gani. Mara chache tumemuuliza kijana anakimbia nini.

Maana gemu ni mahali pazuri pa kukimbilia, na tukubali hilo bila kujidanganya. Mwaka 1998 madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, waliwapima wanaume wanane waliokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita, wakaona kwamba ubongo wao ulikuwa unamwaga kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, ambayo ndiyo humfanya mtu akitamani kitu na kukirudia. Kabla ya hapo, katika karne iliyopita, mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa kwamba ukimpa ndege punje kila anapodonoa, akishiba ataacha. Ukimpa punje mara moja moja bila yeye kujua ni lini, atadonoa bila kukoma. Watengenezaji wa gemu za simu wameijua siri hiyo. Zawadi inakuja leo, kesho haiji, keshokutwa inakuja kubwa. Kijana ambaye shuleni ni wa mwisho, nyumbani ni wa kugombezwa, na mtaani hana jina, humo ndani ana cheo, ana wenzake wanaomngoja, na akishindwa anaanza upya pasi na mtu kumcheka. Tujiulize kwa uadilifu: ni wapi pengine katika Kashai kijana huyo anaruhusiwa kushindwa na kuanza upya?

Na hapa tunataka tuuzungumze mkoa wetu. Kagera imebeba misiba mikubwa. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu mwaka 1978. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na miaka iliyofuata ikaacha nyumba zenye bibi na wajukuu bila ya kizazi cha kati. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama na mamia ya watu wetu. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka, watu wakafa na wengi wakalala nje. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani mbele ya macho yetu, wakafa watu 19. Katika yote hayo Waislamu tulifanya tunalolijua vyema: tulizika, tulisoma dua, tulichanga, tulipika. Lakini baada ya siku ya tatu, ni nani aliyekaa na mtoto wa marehemu akamuuliza usiku analala vipi?

Wazee wanakumbuka habari ya Kashasha, iliyo katika wilaya ya Muleba ya leo. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio na mahangaiko, kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikazuka Nshamba na kuwapata watu 217. Wapo waliosema ni uchawi, wapo waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walipima wakakosa homa ya kuambukiza na wakakosa sumu. Walichokiona ni nafsi za watoto zilizolemewa, zikatoa nje kwa mlango uliopatikana. Mlango wa wasichana wale ulikuwa kicheko. Leo yupo ambaye mlango wake ni simu, usiku kucha.

Hatusemi kwamba majini hayapo. Qur'an imethibitisha kuwepo kwao na anayekanusha amekanusha Kitabu. Wala hatukatai kumsomea mgonjwa Al-Fatiha, Ayatul Kursiy na Al-Muawwidhatayn, kwani ndiyo sunna, na msomaji hahitaji mbuzi. Tunachokataa ni kila tabia ngumu ya kijana kubandikwa jina la jini, kisha akakabidhiwa kwa kahini aliyejivika kanzu. Mtume (s.a.w.) amekemea uvaaji wa hirizi na kuuhesabu kuwa ni katika shirki, na ametufundisha kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Mama yule alikwenda kutafuta tiba, akatoka na shirki mkononi mwa mwanawe na alama za kamba miguuni mwake. Dhambi hiyo hatumtwishi yeye peke yake. Kama msikiti ungekuwa umemfundisha mapema pa kwenda, asingekwenda kule.

Na wale wanaodai kwamba Muislamu mwenye imani hapatwi na maradhi ya nafsi, na kwamba huzuni ya muda mrefu ni upungufu wa ibada, tunawauliza: Nabii Yaaqub (a.s.) alipungukiwa na nini? Suratu Yusuf (12:84) inaeleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake kutokana na wahaka na huzuni, na mtu hajikingi na kitu kisichokuwepo. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe uji wa shayiri uitwao talbina, akisimulia kutoka kwa Mtume kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Sheria yenyewe imemwondolea kalamu mwenye kupotewa na akili mpaka apone, kama ilivyomwondolea aliyelala mpaka aamke na mtoto mpaka abaleghe.

Waislamu waliotutangulia waliyafahamu haya kuliko sisi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, wakitibiwa humo pamoja na wagonjwa wengine. Sisi wa karne hii, wenye madai ya kurejea kwenye usafi wa dini, bado tunafunga watoto kwa kamba.

Basi tumjibu mama. Je, mwanawe ni mtovu wa adabu? Kuiba ada ni kosa, na lazima aambiwe hivyo na alirudishe deni kadiri ya uwezo wake. Kupona kwake hakuondoi haki ya mama yake. Lakini kijana aliyekuwa mwema miaka kumi na minne hageuki mwovu kwa miezi sita bila sababu. Je, ni mgonjwa? Sisi si madaktari na gazeti halipimi mtu. Tunajua tu kwamba alama zile tatu anazo, na kwamba zilianza baada ya mazishi. Hayo yanatosha kumpeleka mbele ya mtaalamu. Kituo cha afya au hospitali ya mkoa ndipo pa kuanzia. Hali ikiwa nzito zaidi, Hospitali ya Bugando kule Mwanza inayo idara ya maradhi ya akili. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui iwapo watafute matibabu, aliwaamrisha watafute, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Hakuwatenganishia maradhi ya tumbo na maradhi ya kichwa.

Na ikiwa kijana yeyote, awe wa kiume au wa kike, amesikika akisema kwamba hataki tena kuishi, au kwamba watu wangepumzika asingekuwepo, maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni mzaha au deko, na asijibiwe kwa kusomewa adhabu ya mwenye kujiua. Asiachwe peke yake usiku huo, vitu vya hatari kama sumu za shambani viondolewe karibu naye, na kukipambazuka apelekwe hospitali.

Lipo jambo tusiloweza kulinyamazia nalo ni dubwi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Mara nyingi utaikuta jirani kabisa na kibanda cha gemu, wateja wakiwa wale wale. Mtoto anayeshinda gemu ya mpira kwa mia mbili yupo hatua tatu kutoka kwenye mashine inayomwahidi elfu tano, na hatua nyingine moja kutoka kwenye mkeka wa kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imemzuia mwenye umri chini ya miaka 18, na kwetu sisi Suratul Maida (5:90-91) imemzuia kila mtu, mkubwa na mdogo, na imetaja sababu: shetani hutumia kamari kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Wazazi wafahamu pia kwamba kamari imeshaingia ndani ya gemu zenyewe. Zipo zinazouza masanduku ya bahati, mchezaji analipa fedha halisi bila kujua atapata nini. Ubelgiji iliyaona mwaka 2018 kuwa yanavunja sheria yake ya kamari ikayazuia. Hapa kwetu mtoto anayalipia kwa fedha za kwenye simu ya mama, na mama anadhani ni makato ya mtandao. Enyi wenye nyumba za kupangisha mnaoswali safu za mbele: kodi mnayoipokea kutoka kwa mwenye dubwi mnaijua inatoka mfukoni mwa nani.

Wapo wanaotaka serikali ifunge vibanda vyote. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandao kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ikaiondoa mwanzoni mwa 2022, wakati watoto wamekwishahamia kwenye simu. China tangu mwaka 2021 imewaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandao, jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna mitambo ya China, na hata tungekuwa nayo, askari hawezi kukaa kitandani kwa mtoto. Simu ilale chumbani kwa mzazi baada ya Isha. Hilo halihitaji bunge, ila linahitaji mzazi ambaye naye ameiweka yake chini.

Mzigo mkubwa zaidi tunautua mlangoni mwa misikiti, ukiwemo wetu. Angalieni saa za kijana wa Kashai. Madrasa zetu zimejaa watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili. Akishahitimu juzuu kadhaa, akavunja sauti, hana tena darasa, hana tena mwalimu, na akikaa ndani ya msikiti baada ya Alasiri atafukuzwa kwa kisingizio kwamba wanapiga kelele. Kati ya Alasiri na Isha, saa ambazo kibanda cha gemu kimefungua mlango, kina kiti, kina mwanga na kina mtu anayemwita kwa jina lake, msikiti una kufuli. Halafu tunashangaa. Tumechanga mamilioni kwa ajili ya vigae na minara. Mpira wa miguu wa kuchezea uwanjani ni bei gani? Meza moja ya kusomea yenye taa, na ndugu mmoja aliyesoma hesabu au baiolojia wa kukaa na vijana siku mbili kwa juma, itagharimu nini? Masahaba walifanya mazoezi ya mikuki katika msikiti wa Mtume. Sisi tunamkemea mtoto kwa kukimbia uani.

Aidha maimamu wetu wanahitaji kujifunza. Imamu ndiye anayefuatwa kwanza, kabla ya daktari, na neno lake moja linaweza kumpeleka mtoto hospitali au kumpeleka kwa kahini. Kamati za misikiti ziwaalike wauguzi na madaktari wa maradhi ya akili, Waislamu au wasiokuwa Waislamu, wakae na maimamu na walimu wa madrasa nusu siku, wawaeleze alama za kuangalia. Walimu wa madrasa za akina mama wasisahaulike, maana nyumbani wao ndio wanaoona nani hali na nani halali.

Wasomaji watataka kujua kijana wetu yupo katika hali gani. Hirizi ilikatwa na mama mwenyewe. Mjomba wake alimpeleka kwa mtaalamu, naye hakuanza na habari ya gemu hata kidogo. Alimuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Mjomba anasema kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akalia mpaka wakampa maji, na kwamba tangu siku ya mazishi hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza. Ameshahudhuria mara nne, mara moja alikataa kwenda. Kucheza hajaacha. Hucheza Jumamosi baada ya Adhuhuri, na zipo siku anateleza akakesha. Alfajiri huja siku kadhaa katika juma, akiwa safu ya nyuma karibu na mlango, na tumewaomba watu wasimtolee maneno wala kumgeukia. Shuleni amerudi. Nusu ya ada iliyopotea imechangwa na jamaa baada ya Ijumaa mbili. Nusu iliyobaki bado inadaiwa, na sanduku la mchango lipo kwa mweka hazina.